Koti la Babu Kwenye Kadi Iliyofutwa

Kila Jumamosi, akishafua sare zake na kuzianika, Chapuchapu alikwenda kumsaidia shangazi yake kwenye chumba cha kazi. Jina hilo alipewa na mama yake, kwa sababu akitumwa dukani alifika kabla hajasikia ametumwa nini.

Shangazi alikuwa mpiga video. Siku hiyo mezani kulikuwa na kazi ya familia: video ya Babu. Babu alikuwa ameshona makoti kwa miaka arobaini, lakini sasa macho yake yalikuwa yamefifia, na daktari alimwambia hayatarudi. Basi wiki iliyopita alikata koti lake la mwisho mbele ya kamera, akieleza hatua kwa hatua, ili wanafunzi wake wabaki na kitu cha kujifunzia.

"Picha za kamera hii ni safi mno, ndiyo maana ni nzito," Shangazi alisema, akichomeka kadi ya kamera kwenye kompyuta. "Programu ya kuhariri itaziingiza taratibu. Subiri mstari huu ujae kabisa, ndipo uitoe kadi. Mimi naoga, saa nne narekodi semina."

"Sawa, Shangazi."

Vijipicha vya vipande vya video vikajitokeza kwenye kioo, kimoja baada ya kingine, hadi vikatimia kumi na viwili. Mstari ulikuwa haujafika hata nusu. Lakini nje wenzake walikuwa wakiruka kamba na kuhesabu kwa sauti.

"Si zote zimeshaonekana?" Chapuchapu alijiambia. Akaichomoa kadi, akairudisha kwenye kamera, akaifuta ili Shangazi aikute tupu.

Alibonyeza ajionee. Vijipicha vitatu vya kwanza vilifunguka, lakini kwa cha nne kioo kikawa cheusi. Maneno yakatokea: Faili haipatikani. Cha tano, vivyo hivyo. Cha sita, cha saba… Vipande vitatu tu ndivyo vilivyokuwa vimeingia.

Shangazi akaja, kitambaa kichwani, akabeba kamera. "Zimeingia zote?"

"Ndiyo," Chapuchapu alijibu, akitazama sakafu.

"Ahsante, mwanangu." Mlango ukafungwa.

Sebuleni Babu alikuwa akimwambia mtu kwenye simu, "Njoo kesho utazame. Nimeeleza kila kitu, hata mfuko wa ndani."

Chapuchapu hakuweza kusikiliza zaidi. Akatoka mbio, pekupeku, akamkuta Shangazi kwenye kona ya barabara.

"Shangazi, usirekodi! Nimekudanganya. Sikusubiri, na kadi nimeifuta!"

Shangazi akakunja uso. Chapuchapu alisubiri kofi la maneno. Badala yake akaulizwa, "Umerekodi chochote juu yake baada ya kuifuta?"

"Hapana."

Shangazi akashusha pumzi. Akaitoa kadi ile, akaifunga kwenye leso, akatia nyingine kwenye kamera. "Nenda nyumbani. Ukamwambie Babu mwenyewe, kwa mdomo wako."

Alimwambia. Babu akapapasa kichwa cha mjukuu wake, akasema tu, "Tumngoje shangazi yako."

Saa nane Shangazi alirudi, akafungua programu ya kuokoa faili zilizofutwa. Safari hii Chapuchapu hakubanduka kitini hadi mstari ukajaa. Mara sauti ya Babu ikasikika: "Chaki kwanza, mkasi baadaye." Chapuchapu akaangua kilio na kicheko kwa pamoja.

Kipande kimoja tu kiligoma kufunguka, cha kola.

"Humo ndimo nilimomfokea mwanafunzi wangu," Babu alisema. "Acha kipotee! Kola nitawaeleza upya, kwa adabu."

Wote wakacheka. Kisha Shangazi akamgeukia Chapuchapu. "Kadi ikifutwa, picha huwa bado zipo, ila zimefichika. Ukirekodi juu yake ndipo zinapotea. Ungenyamaza hadi nirudi, ningekuwa nimeijaza semina."

"Nisamehe, Shangazi. Nisamehe, Babu."

"Umesamehewa," Babu alisema. "Sikiliza, mjukuu wangu. Katika kazi yangu nimeona kila nguo huchanika. Anayeileta siku hiyo hiyo, naitia uzi, haionekani. Anayeificha chini ya kitanda kwa aibu huniletea matambara. Kosa nalo ni hivyo. Lilete mapema."