Ngozi ya Farasi na Mkanda wa Idi

Mwaka wa 1954, mjini Baraka, kando ya ziwa, mgeni aliyetafuta nyumba ya Nasoro hakuhitaji kuuliza njia. Alifuata pua yake tu. Nasoro alikuwa fundi wa ngozi. Nyuma ya nyumba aliweka mapipa ya maji meusi yenye maganda ya miti, na ngozi za ng'ombe na mbuzi zililowa humo mpaka zikawa tayari kwa kazi. Mke wake, Waridi, mama wa binti yao Rehema, alishazoea harufu ile. Waliokunja uso ni wageni.

Kila asubuhi Waridi alifagia uwanja, akafungulia kuku, akapika chai. Chai ikichemka tu, mdogo wake Idi alitokea na panga lake. Idi alikuwa na pua ya chai. Kazi yake ilikuwa kupanda michikichi na kukata mikungu, na akina mama waliikamua wakapata mawese.

Mpanda michikichi hujifunga mkanda unaomzunguka yeye pamoja na shina la mti. Huegemea nyuma, husogeza mkanda, hupanda. Watu wa Baraka huuita mukaba. Ukikatika ukiwa juu, huna pa kushika. Waridi alilijua jambo hilo vizuri mno. Kila jioni alikuwa hatulii mpaka amsikie Idi akirudi huku akiimba, na Idi aliimba vibaya sana.

Siku moja gari la mzungu mwenye shamba la kahawa, huko milimani upande wa Fizi, lilisimama mlangoni. Farasi wake alikuwa ameumwa na nyoka, akafa. Nasoro aliwahi kumshonea tandiko la farasi huyo, basi mzungu akaona amletee ngozi. Majirani walikuja kuishangaa. Wengi wao hawakuwahi kumwona farasi, akiwa hai wala akiwa amekufa.

Waridi alirudi nyuma.

"Baba Rehema, huyu nyama alikufa yeye mwenyewe. Hawakumuchinja. Tunaweza kumugusa?"

"Nilishauliza mwalimu wa chuo cha Kurani," Nasoro akajibu. "Alisema nyama yake hatuwezi kula. Lakini ngozi, ikisha kutengenezwa na maganda, tunaweza kuivaa."

Majuma yakapita, ngozi ikatoka kwenye pipa. Nasoro alikuwa fundi mzuri, lakini kitu kipya kilimpanda kichwani upesi. Alitembea akiigusagusa ngozi ile kama mtu aliyepata mtoto wa kwanza.

"Ng'ombe anatembea polepole," alimwambia mkewe. "Farasi anabeba mutu na anakimbia naye. Sasa ngozi yake itakatika namna gani? Nitamushonea Idi mukaba."

Waridi aliona maneno hayo yana akili. Hata alifurahi. Alisema, "Umushonee muzuri. Mi nachoka kuogopa."

Nasoro akaitandaza ngozi chini. Sehemu ya matako ilikuwa nene na ngumu kama ubao. Tena vipande vyake vilikuwa vifupi. Akaviona havina faida, akavikata, akavipigilia kwenye banda la kuku viwe mlango. Sehemu ya tumbo na ubavu ilikuwa laini, ndefu, yenye kupendeza mkononi. Humo ndimo alimokata mkanda. Akaushona miishoni kwa uzi wenye nta, akampa Idi.

Idi aliuvuta kwa mikono yake yote miwili. Akatabasamu. Mkanda wake wa zamani, uliosukwa kwa nyuzi za mchikichi, akauacha pale kwa shemeji yake.

Siku iliyofuata kulikuwa na manyunyu. Waridi alikwenda michikichini kuokota mikungu. Alimwona mdogo wake akipanda, akiegemea nyuma bila wasiwasi, maana alikuwa na mkanda mpya. Kisha akaona jambo ambalo hakulielewa. Idi alikuwa anakwenda mbali na mti. Mkanda ulikuwa unarefuka.

Idi naye alihisi. Alijitupa mbele akakumbatia shina. Wakati huohuo mashimo ya sindano yakapasuka, moja baada ya jingine, na mkanda ukaachia. Aliteleza na shina kifua kikichunika, mikono ikamshinda, akaanguka. Kishindo chake kiliingia miguuni mwa Waridi.

Waridi alibaki na mkungu mkononi akimtazama ndugu yake chini. Alifikiri amekufa.

Ndipo Idi akafumbua macho. "Dada," alisema, "ule mukaba ulirefuka." Alisema kwa mshangao, kama mtu aliyedanganywa na rafiki.

Watu walimbeba hadi kwa mganga wa zahanati. Mkono ulikuwa umevunjika na kifua hakikuwa na ngozi. Mganga alisema atapona, lakini atakaa muda mrefu bila kupanda. Idi alikuwa na mke na watoto, na mti ndio uliowalisha.

Waridi alirudi nyumbani na mkanda. Akautupa mbele ya mumewe.

"Kidogo tu ungeniulia ndugu," alisema. "Na mi mwenyewe nilikwambia umushonee."

Nasoro aliuokota mkanda. Alitazama mashimo yaliyopasuka, akauvuta kidogo, nao ukarefuka mikononi mwake kama unga wa ngano uliokandwa. Alikuwa fundi tangu ujana wake, na hakuwahi kuona ngozi ikimfanyia hivyo. Akainuka akachukua ngozi yote iliyobaki.

"Naenda kuichoma," alisema.

"Ungoje kwanza," ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa Isidore, kinyozi jirani yao, aliyekuja kuwapa pole. Kabla ya kunyoa watu, Isidore alifanya kazi miaka mingi mjini Usumbura kwenye zizi la farasi, akishona matandiko na hatamu. Aliuchukua mkanda, akauvuta, akatikisa kichwa.

"Hii ulikata ku tumbo?"

"Ku tumbo na ubavu. Ndiko kulikuwa kurefu."

"Na matako yake uliweka wapi?"

Nasoro alinyoosha kidole kwenye banda la kuku. Isidore aliutazama ule mlango uliojaa mavi ya kuku.

"Nasoro, ndugu yangu," alisema, "ngozi yenye nguvu kupita zote uliipa kuku. Ile ya kuvutika ulimupa mutu wa kupanda muti."

Kila asubuhi Waridi alikuwa akiusukuma mlango ule kwa mguu.

"Lakini iko moja," Nasoro alisema. "Ni farasi mumoja."

"Farasi ni mumoja. Ngozi yake haiko moja. Lete kisu."

Isidore alikata vipande vyembamba, vyote upana mmoja: cha tumbo, cha shingo, cha begani, na cha matako kutoka mlango wa kuku. Akavilowesha, maana mvua haimsubiri mtu akauke. Akatoboa kila kimoja kwa sindano, akavifunga kwenye boriti, akaviningʼinizia mawe. Kipande cha tumbo kilirefuka, shimo likapasuka. Cha shingo na cha begani vilirefuka kidogo vikasimama. Cha matako hakikufanya lolote. Nasoro aliongeza jiwe, akaongeza jingine, akakivuta kwa mkono. Kipande kilikaa vilevile. Nasoro alishangaa kuliko siku ngozi ilipofika.

"Mi niliona ni mubaya, ni ngumu," alisema.

"Iko ngumu sababu haijaiva ndani. Matako ya farasi inachelewa sana. Uirudishe mu pipa, ikae kuliko zingine, kisha uipake mafuta ya ng'ombe. Humo utakata mikaba ya suruali, ala za panga, soli za viatu, na ukanda wa kunolea wembe wangu. Shingo na mabega ni nyembamba na laini. Ushone kofia, pochi, mufuko wa tumbako. Tumbo ufanye bitambaa bya ndani ya mufuko. Kitu cha kubeba uzito, hapana."

"Na mukaba wa Idi?" Waridi aliuliza. Hilo ndilo alilotaka kujua.

"Kwa hii ngozi, hauko. Penye nguvu ni pafupi, penye urefu hapana nguvu. Arudie ule wa kusuka."

Nasoro hakubisha. Aliung'oa mlango wa kuku, akausugua, akaurudisha kwenye pipa. Tangu hapo hakukata ngozi yoyote kabla ya kujaribu vipande vyake kwa maji na mawe. Pochi za shingo ya farasi zilipendwa na wafanyabiashara wa mitumbwi hadi rasi ya Ubwari, na Isidore alipata ukanda wake wa wembe.

Mkono wa Idi ulipopona, alisuka mkanda mpya wa nyuzi za mchikichi, mnene. Nasoro alimletea ala ya panga, ya matako ya farasi, nyekundu na yenye kung'aa. Wote wakaenda mtini. Idi alisimama chini ya shina, akatazama juu, na mguu wake haukuinuka.

"Nipe huo mukaba," Nasoro alisema. "Kwanza mi."

Alijifunga, na tumbo lake kubwa, akapanda mpaka miguu ikaacha ardhi. Akaegemea nyuma kwa uzito wake wote. Alikuwa amefumba macho. Watu walicheka, lakini Waridi hakucheka.

"Egemea tena," alisema.

Nasoro akaegemea tena. Mkanda haukusogea. Akashuka, akamvalisha shemeji yake kwa mikono yake mwenyewe. Idi akapanda, polepole, mpaka akapotea kwenye makuti.

Waridi alisubiri akitazama chini, hakuweza kutazama juu. Mara kishindo kikapiga ardhi nyuma yake, kilekile, kikaingia miguuni mwake. Alifumba macho.

Alipofumbua aliona mkungu wa chikichi umelala kwenye majani. Na kutoka juu, Idi alikuwa anaimba, vibaya sana.