Siku Mashine Ziliponyamaza

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kasuku alifagia sebule na kupanga viti vya wateja wa mama. Kisha alimpelekea dada yake maji ya kumezea dawa. Jina la Kasuku alipewa na majirani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Jambo likiingia sikioni mwake, lilitokea mdomoni papo hapo.

Mama yake alikuwa msusi, na sebule hiyo ndiyo iliyokuwa saluni yake. Dada yake alishona kola za mashati katika kiwanda cha nguo upande wa pili wa reli. Zamani dada alipenda utani kuliko chakula. Lakini tangu mvua zilipoanza alikuwa amebadilika. Akirudi kazini alijitupa kitandani na viatu vyake. Sahani ya chakula aliichokonoachokonoa tu, na wakati mwingine alilia bila kusema anachokililia.

"Binti yako anaumwa nini?" mteja mmoja alimwuliza mama huku akisukwa.

"Malaria tu," mama alijibu.

"Malaria gani hiyo isiyoisha? Au imepanga chumba humu ndani?"

Wateja waliangua kicheko. Mama alivuta nywele za yule mteja mpaka akapiga yowe.

Haikuwa malaria. Daktari wa kituo cha afya alikuwa amesema ni sonona, ugonjwa unaomtia mtu huzuni nzito au kumwondolea hamu ya kila kitu kwa muda mrefu. Alimpa vidonge na kumtaka arudi baada ya wiki kadhaa.

Vidonge vilisaidia. Dada alianza kulala usiku kucha na kumaliza chakula chake. Kasuku alifurahi mno. Lakini kila siku ya kazi ilipofika, uso wa dada ulisawijika upya.

"Dada, au unazitema dawa?" Kasuku aliuliza.

"Nazimeza."

"Sasa mbona huponi? Labda ungemeza mbilimbili."

"Dawa haiongezwi kwa kubahatisha. Niache, mdogo wangu." Akageukia ukutani.

Jumamosi moja dada alisahau miwani yake nyumbani. Mama alimtuma Kasuku ampelekee. Mlinzi alimruhusu kuingia hadi ukumbi wa kushonea, mahali palipojaa ngurumo za mashine na vumbi la nyuzi. Kasuku alimwona dada yake kwenye safu ya mbele. Msimamizi alikuwa amesimama mbele yake, ameshika shati.

"Kola hii umeishona kwa mkono au kwa mguu?" msimamizi alifoka. Akalitupa shati sakafuni. "Okota! Mtu mzima huna akili hata ya kuku!"

Dada aliinama akaokota. Wanawake wote waliokuwa karibu waliinamia mashine zao. Hata mama mmoja aliyeitwa Ngurumo kwa sauti yake kubwa, siku hiyo alikuwa kimya kama maji ya mtungini.

Msimamizi alipoondoka, Kasuku alimkabidhi dada miwani. "Anakufanyia hivi kila siku?"

Dada aliivaa miwani. "Usimwambie mama," alinong'ona.

Kasuku alijikaza. Mdomo ulimwasha kama aliyekula pilipili, lakini hakusema, mpaka siku walipokwenda wote watatu kumwona daktari.

"Unaendeleaje?" daktari, mwanamke mpole asiye na haraka, alimwuliza dada.

"Vizuri tu."

"Na kazini?"

"Kazini kuzuri."

"Si kuzuri!" Kasuku alilipuka. Akaeleza yote, shati, sakafu na akili za kuku, bila kuvuta pumzi.

Dada alifunika uso akalia. Daktari alimpa kitambaa, akangoja.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?" mama aliuliza.

"Ningekuambia nini, mama? Kwamba mtu mzima nalizwa na maneno? Ananitukana tangu aletwe pale. Nilifika mahali nikaamini kwamba kweli mimi ni mjinga."

Kasuku alimgeukia daktari. "Kwa hiyo vile vidonge ni vibovu?"

"La, hasha. Vimefanya kazi yake. Sasa dada yako analala, anakula, na amepata nguvu ya kusema. Lakini kidonge hakiwezi kwenda kiwandani kumwambia msimamizi afunge mdomo."

Dada alicheka katikati ya machozi. Mama alimtazama kama anayemwona mtu aliyempenda akirudi kutoka mbali.

"Sonona ina mizizi mingi," daktari aliendelea. "Wengine wamefiwa, wengine imo katika ukoo wao, wengine wanadhalilishwa kila siku, na wengine sababu haionekani. Wapo wanaosaidiwa sana na dawa, na wapo wanaosaidiwa kidogo. Usiache dawa wala kuongeza bila kuniona. Ila nikikupa dawa kisha ukarudi kwenye matusi yaleyale, tutakuwa tunadeki maji huku bomba liko wazi." Akampangia kuonana na mshauri nasaha kila wiki, kisha akauliza, "Kazini kuna mtu unayemwamini?"

"Ngurumo!" alisema Kasuku.

"Umeulizwa wewe?" mama alimkata jicho. Lakini dada aliitikia kwa kichwa.

Jumapili Ngurumo alikuja kusukwa. Mama alimwambia waziwazi kwamba binti yake hana malaria, ana sonona, na dada akamsimulia yaliyobaki. Ngurumo alimshika dada mkono.

"Ulidhani uko peke yako?" alisema. "Mimi nikifika nyumbani najifungia bafuni nilie, wanangu wasinione."

Aliinuka ghafla, kichwa kikiwa kimesukwa nusu, akaelekea mlangoni.

"Wewe! Rudi nikumalize!" mama aliita.

"Nywele zitasubiri!"

Jioni hiyo Ngurumo na dada walipita nyumba kwa nyumba. Kila mwanamke wa ukumbi ule alikuwa na kisa chake, na kila mmoja alikuwa amedhani ni aibu yake peke yake.

Siku chache baadaye msimamizi alimrushia shati msichana mgeni kazini. Dada alizima mashine yake, akasimama.

"Msimamizi, sema nasi kama watu."

"Washa mashine!"

Ngurumo alizima yake. Wa jirani naye akazima, kisha safu nzima, kisha ukumbi wote. Kimya kilitanda hadi mapangaboi yakasikika yakizunguka. Meneja alishuka ngazi mbiombio kutoka ofisini.

"Kuna nini? Umeme umekatika?"

"Umeme upo, bosi," dada alisema. "Kilichokatika ni heshima."

Wakaeleza mmoja baada ya mwingine, hata yule msichana mgeni. Meneja alisikiliza mpaka mwisho. Juma lile halikuisha kabla msimamizi hajaondolewa ukumbini. Wafanyakazi waliruhusiwa kuunda kamati yao, na walipomchagua dada kuwa mwenyekiti, Ngurumo alipiga kigelegele kilichosikika hadi ng'ambo ya reli.

Dada hakupona siku ileile. Zipo asubuhi alizoamka mzito, akameza dawa na kwenda kwa mshauri wake. Lakini asubuhi nzuri ziliongezeka, na miezi ilivyopita nyumba ilijaa tena vicheko.

Siku moja daktari alitabasamu. "Sasa tutaanza kupunguza dawa, polepole, nikikuangalia." Kisha akamwambia Kasuku, "Ukiona mtu ana sonona, usimwulize tu kama amemeza dawa. Mwulize pia kinachomuumiza, kisha tulia umsikilize. Na ukiona anaonewa, mwambie mtu mzima anayeweza kusaidia, kama ulivyofanya hapa. Dawa humsaidia mtu kusimama, lakini kutembea anahitaji watu kando yake."

Walipotoka nje jua lilikuwa limewaka. Dada alivua viatu akavishika mkononi.

"Tushindane hadi kwenye kona!" alisema, na kabla hawajamjibu alikwishachomoka. Kasuku alimfuata mbio. Mama alifunga kanga kiunoni, akakumbatia mkoba wake, akawapita wote wawili.