Aliyesikia Chini ya Kiganja

Ule uchochoro wa maduka ya redio, Jumamosi mchana, si mahali pa mtu mwenye kichwa kinachouma. Kila duka lina spika mlangoni, kila spika ina wimbo wake, na wauzaji nao hawakubali kushindwa na spika zao. Humo ndimo alimoingia mwanamke mmoja ambaye watu asiowajua walikuwa wameanza kumwita dada mkubwa. Alivaa gauni la buluu lenye vifungo vyeupe kutoka shingoni hadi magotini, mkoba begani umejaa magazeti, na mkononi ameshika spika zake za masikioni, waya umezungushiwa utepe kama kidole chenye kidonda. Upande mmoja ulikuwa umekufa.

Kazini walimwita Pitahapa, na jina likamganda. Safu yake gazetini ndiyo iliyoitwa Pita na Hapa, na kazi yake ilikuwa kusoma blogu za watu na kuwaambia wasomaji ipi inafaa. Mama yake mdogo, ambaye alikaa naye, hakuielewa kazi hiyo hata siku moja. Yaani wanakulipa usome ya watu, alikuwa akimwuliza, na mimi ninayeyajua ya mtaa mzima sijawahi kulipwa?

Kwenye kibanda cha mwisho cha uchochoro, kwa yule mzee ambaye kila mtu alimwita Babu Spika, alikaa mwanaume mwembamba, shati la kijivu limekunjwa mikono, anayeyusha risasi ya kuchomea nyaya. Hakuinua macho.

"Sikio gani halisikii?" aliuliza.

"La kulia," Pitahapa akajibu. "Ndilo ninalowasikilizia wanaume."

Yule mtu akacheka mpaka risasi ikadondoka mahali pasipotakiwa. Babu Spika akamwambia, haya, mharibie mteja mali yake, kisha umwoe iwe fidia. Fundi alizitengeneza zile spika, akamvisha mwenyewe, akaweka wimbo wa polepole, akamwangalia usoni kuona kama sauti inaingia sawa pande zote. Iliingia. Na si sauti peke yake iliyoingia.

Simu zikaanza. Fundi hakuwa msemaji mkubwa ana kwa ana, lakini kwenye simu alikuwa mtu mwingine. Alimwambia yeye hufunga vipaza sauti harusini na mikutanoni, na hilo lilikuwa kweli. Aliweza kujua kwa namna Pitahapa anavyosema "haloo" kama amekula au hajala, kama ameudhiwa na mhariri au na mama mdogo. Wewe masikio yako si ya kawaida, laazizi, Pitahapa alimtania, nikija kukuficha jambo nitalifichia wapi? Fundi akamwambia asifiche.

Nimweleze msomaji kidogo namna Pitahapa alivyofanya kazi, maana mkasa wote umetokea hapo. Kila asubuhi, kabla chai haijapoa, alisoma. Alimsoma muuguzi mstaafu aliyeandika habari za mifereji iliyoziba, mtaa kwa mtaa, kwa hasira ya mtu aliyeosha vidonda vya watoto. Alimsoma dereva wa teksi aliyeandika barabara zilizochimbwa na ahadi za siku ya kuzifukia. Alimsoma mwanafunzi wa sheria aliyefafanua miswada ya bunge kama anayemwelezea bibi yake. Mzuri akimpata, aliandika mistari michache juu yake, na mstari wa mwisho ulianza daima kwa neno moja: Nimempendea. Nimempendea kwamba hutaja jina la mtaro kama jina la jirani. Nimempendea kwamba akikosea husema. Watu walinunua gazeti kwa mstari huo. Jambo lenyewe lilikuwa dogo, lakini aliliona yeye tu, kwa kuwa alisoma kama mtu anayechambua mchele.

Na katika zote, iliyomkaa moyoni ilikuwa Kikao Kimefunguliwa. Mwenyewe hakujulikana. Aliandika vikao vya halmashauri ya jiji, kile kinachosemwa na kile kinachonong'onwa. Ndiye aliyeandika kwamba kiwanja cha zahanati kinataka kuuzwa, na kwamba kabla ya kura mkubwa mmoja alifunika kipaza sauti kwa kiganja akamwambia mwenziwe, "Tusiwape muda wa kusoma." Siku iliyofuata akina mama walijaa ukumbini na watoto mgongoni, na kura ikaahirishwa. Kiwanja kikabaki, ingawa waliokitaka hawakuacha kukimezea mate.

Pitahapa alimsimulia Fundi habari za mwandishi huyo kila walipokaa kwenye benchi la nje ya jengo la gazeti, wakigawana mkate na chai ya chupa. Fundi alisikiliza ameinama.

"Unampenda huyo mtu?" aliuliza siku moja.

"Nikikutana naye, bwana, utanikosa."

Pitahapa alidhani mwenzake atacheka. Fundi alikung'uta makombo magotini, akasema basi ajitahidi asikutane naye.

Mambo yakasonga. Wajomba wa Fundi wakatuma salamu kwamba watakuja kujitambulisha Jumapili ya mwisho wa mwezi. Mama mdogo akafua mapazia, akaazima viti kwa jirani, akaanza kumwita Fundi "mkwe" kabla ya wakati wake. Fundi akanunua shati jeupe. Wiki mbili kabla, wakiwa benchini, Pitahapa akamwambia kwamba Jumamosi hiyo ile blogu ya vikao inapata nafasi yake gazetini.

"Lazima?" Fundi akauliza.

"Kizuri kula na nduguyo."

Fundi alifunga kizibo cha chupa ya chai, akakifungua, akakifunga tena. "Basi sema tu ni nzuri," alisema mwishowe. "Usiseme kwa nini."

Pitahapa akacheka, akamfinya shavu. Alidhani ni wivu, na haukuwa wivu. Wivu wa mwanaume unapendeza ukiwa mdogo, alimwambia mama mdogo jioni, na mama mdogo akasema unapendeza kama mtoto wa chui.

Jumamosi gazeti likatoka. Mstari wa mwisho wa Pita na Hapa ulisema hivi: Nimempendea sikio lake: mkubwa anapofunika kipaza sauti kwa kiganja, ukumbi mzima husikia kimya, yeye husikia maneno.

Hakuwahi kuandika mstari mzuri kama ule. Mhariri mwenyewe alitoka chumbani kwake kuja kumpa mkono.

Jumatatu alimpigia Fundi mchana, simu ikaita mpaka ikachoka. Jioni, hivyo hivyo. Jumanne akafungua Kikao Kimefunguliwa asome kipya, akakuta maandishi madogo: ukurasa huu haupo. Akaufungua tena na tena, kama mtu anayebisha hodi nyumba iliyohamwa. Jumatano akaenda uchochoroni.

Babu Spika alizima redio yake alipomwona. Katika uchochoro ule, mtu akizima redio ujue kuna msiba.

"Mwanangu," alisema, "mwenzako wamemfukuza."

"Nani amemfukuza? Wapi?"

"Halmashauri. Si ndiye aliyekuwa akikaa kwenye kile chumba cha kioo, juu ya ukumbi, anaendesha mitambo ya sauti? Hujui?"

Hakujua. Babu Spika akamweleza taratibu, kama anayempimia dawa. Jumatatu asubuhi mkubwa wa kikao aliingia na gazeti mkononi, akausoma ule mstari kwa sauti mbele ya madiwani wote, kisha akakiweka kiganja chake juu ya kipaza sauti na kuinua macho. Kila mtu akageuka kufuata macho yake. Katika ukumbi ule mzima, aliyevaa spika masikioni alikuwa mmoja, na kiganja hakizuii sauti kufika kwenye waya. Walimwambia aache funguo mezani. Na kwa kuwa kumbi zote kubwa za jiji ni za halmashauri, hata harusi hakuna atakayofungia vipaza sauti tena.

Pitahapa alikaa juu ya spika iliyokuwa sakafuni. Alikuwa ameambiwa asiseme kwa nini.

Simu ilipokelewa Ijumaa.

"Ulijua?" Fundi aliuliza.

"Sikujua."

"Mimi nakujua kwa haloo tu. Wewe ukanisoma mwaka mzima usinijue?"

"Na wewe ukanisikiliza mwaka mzima nikimsifu, hukufumbua mdomo."

"Nilikuambia usiseme kwa nini."

"Hukuniambia kwa nini nisiseme."

Fundi alisema alitaka kumwambia siku ile ya wajomba, aone uso wake. Alikuwa ameipanga furaha hiyo kama mtoto anavyoficha peremende. Halafu akakata simu, si kwa hasira.

Jumapili ya wageni ilifika. Viti vya jirani vilipangwa ukutani, mapazia yananukia sabuni, mama mdogo amejifunga kitambaa kipya kichwani, na hakuna aliyethubutu kusema mipango ivunjwe. Mchana ukapita. Jua lilipoanza kulegea mlango ukabishwa, akaingia Fundi peke yake, amevaa lile shati jeupe. Mama mdogo alimtazama, akataka kusema neno la mkwe, akalimeza. Akasema anakwenda kurudisha viti, akabeba kimoja kimoja ili achelewe.

Pitahapa aliomba radhi. Aliisema vibaya, akilia, akichanganya habari ya mstari na habari ya shavu alilolifinya. Fundi akamshika mikono yote miwili akamwambia hana deni kwake. Kosa ni langu, alisema, nilipenda kusifiwa na wewe bila kujulikana. Nilijiona kama mtu anayekula karamu dirishani. Walicheka kidogo hapo, wakakaa mabega yakigusana, na kwa muda ilikuwa kama hakuna kilichovunjika.

Kisha akamwambia anaondoka. Dada yake mkubwa alikuwa na kiduka cha kutengeneza redio katika mji mdogo wa mbali, na meza ya kazi ilikuwapo.

"Nakuja na wewe," Pitahapa alisema.

"Ukija, watasema nini?"

"Waseme."

"Sikiliza, kipenzi changu. Wakijua aliyesoma na aliyeandika walikuwa wachumba, watasema habari ya kiwanja tuliipika jikoni kwa mama mdogo. Nani ataamini tena? Muuguzi wako, dereva wako, yule mtoto wa sheria, wote wataambiwa ni mabwana zako. Na zahanati itauzwa kabla ya mvua."

Pitahapa alitafuta pa kumpinga. Alikuwa na akili ya kusoma, na akili hiyo ndiyo iliyomsaliti, kwa sababu alisoma mbele akaona ni kweli. Nje alisikia mama mdogo akiweka kiti chini, akikohoa, akikinyanyua tena.

"Basi ngoja kidogo," alisema.

"Nangoja," Fundi akasema, na akangoja, mpaka kiti cha mwisho kilipokwisha kurudishwa. Mlangoni akamgusa sikio la kulia kwa kidole. "Hili usiwasikilizie wengine."

"Lilishakufa," Pitahapa alisema.

Hawakupigiana simu baada ya hapo. Walikubaliana hivyo, maana simu nazo huacha alama. Mvua ikanyesha ikakatika. Kura ya kiwanja ilipigwa, akina mama wakajaa tena ukumbini, na zahanati ikapona. Pitahapa aliandika safu yake kila wiki. Wasomaji wengine walituma ujumbe kwamba mstari wa mwisho umepoa siku hizi. Mama mdogo hakumtaja tena mkwe, ila akifua mapazia hufua usiku wa kuamkia Jumatatu, asije akaonekana anapanga Jumapili.

Asubuhi moja, akipitia blogu ambazo wasomaji humpendekezea, Pitahapa alifungua moja isiyo na picha wala jina. Ilikuwa ya mji mdogo. Iliandika habari za kamati ya kisima, na mwenyekiti ambaye kila akiulizwa hesabu hukohoa kwanza. Alisoma aya ya kwanza akaweka kikombe chini. Aya ya pili hakuhitaji kuimaliza ili kujua. Chini kabisa palikuwa na habari fupi, haihusiani na kisima:

Leo mteja ameniletea spika za masikioni, upande mmoja umekufa. Nimemwuliza sikio gani halisikii. Akasema la kulia. Nikacheka peke yangu mpaka mteja akakasirika akaondoka, na sasa namtafuta nimwombe radhi, kwa kuwa hakujua alichosema.

Pitahapa aliisoma mpaka chai ikatengeneza utando. Akaisoma yote, tangu ya kwanza, miezi yote ile. Aliona amepungua maneno. Aliona ameanza kuandika ndege wanaoamka karibu na kiduka cha dada yake, yeye ambaye zamani hakuandika kitu kisicho na kipaza sauti. Hakuna mahali palipotaja mke.

Mhariri akapita, miwani juu ya paji la uso, akagonga meza kwa kidole kama kawaida yake ya siku ya kufunga ukurasa. Wiki hii tunawapeleka wapi watu, aliuliza. Umepata kizuri?

Mstari ulikuwa umeshamjia. Nimempendea. Ulikuja mzima, na baada ya neno hilo yalipangana mengi, mazuri kuliko yote aliyopata kuandika, yakimsukuma ulimi. Mwanamke huyu alikuwa ameishi kwa kugawa. Jambo zuri likikaa kwake peke yake lilimwasha kama upele. Lakini wahenga walisema penye kuku wengi usimwage mtama, naye alikuwa amekwisha kumwaga mara moja.

"Bado," alimjibu mhariri. "Wiki hii sijapata. Nimrudie muuguzi."

Mhariri akaenda zake. Pitahapa akavaa spika zake za masikioni, zile zenye risasi iliyodondoka mahali pasipotakiwa, zinazosikika sawa pande zote mbili. Hakuweka wimbo wowote. Akaanza kuandika habari za mifereji.