Ndiva Isiyo na Zamu

Katika jiji la Same hapakuwa na mtoto asiyeijua kanuni hii: mchezo wa kale ukifumwa upya, haubebi jina lake la asili wala sauti zake za asili mpaka mmoja wa watungaji wake aucheze na kuushuhudia kwa kidole gumba, na mtungaji akikataa, jina lake hufutwa katika kazi ya asili, lisionekane tena. Sehemu ya pili iliwekwa ili mtu asikatae kwa husuda. Aliyetaka kusema hapana ilimpasa kwanza kujua hapana hiyo ina bei gani.

Asubuhi hiyo mashine iitwayo Mfumaji ilikuwa kazini. Ilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo. Iliumeza mchezo wa zamani kama ng'ombe amezavyo majani makavu, ikaucheua, kisha ikautema ndani ya chumba-hisi, mahali ambapo mchezaji huona, hunusa na kugusa kila kitu kana kwamba kipo.

Aliyeingia kuushuhudia alikuwa mhandisi Naetwa Mchomvu, mwanamke aliyekwisha kuvuka miaka sabini. Mchezo huo, *Ndiva*, aliutunga ujanani pamoja na kaka yake Kajiru, ambaye sasa ni marehemu. Ndiva ni bwawa ambalo watu wa Upareni walilijenga juu ya mashamba yao, likakusanya maji ya mfereji, kila nyumba ikanywesha shamba lake kwa zamu. Katika mchezo wa asili mchezaji aliingoja zamu kwelikweli. Aliyeyafungua maji kabla ya wakati aliona mahindi ya jirani yakinyauka, na kijijini hakuna aliyemwitikia salamu mpaka ahudhurie msaragambo, ile kazi ya pamoja, akazoe tope la bwawa asubuhi nzima. Mgawa maji alikuwa na sauti ya Kajiru, iliyorekodiwa jikoni kwa mama yao.

Naetwa alitembea juu ya ukuta wa bwawa. Alikiri moyoni kwamba maji yalikuwa mazuri kuliko yale ya zamani. Yalinukia udongo na mizizi. Akainama, akalizibua bwawa kabla ya zamu yake, kwa makusudi, ili aone.

Mahindi ya jirani yakanyauka. Jirani, mama aliyebeba mtoto mgongoni, akatoka nyumbani kwake, akapiga makofi.

"Hongera, bingwa!" akasema, akipiga goti. "Asante kwa kuyachukua maji!"

Mtoto naye akapiga makofi. Mgawa maji akaja akitabasamu, akanena kwa sauti ya Kajiru, laini kama mafuta: "Usijisumbue na msaragambo, mpenzi. Gusa hapa, tope litajizoa lenyewe. Na zamu ya kesho pia naweza kukupa leo."

Naetwa alitoka akiwa ameziba mdomo kwa khanga.

Nje alimngoja Sifaeli Mzava, mkuu wa Nyumba ya Marudio iliyoufuma mchezo, kijana mwenye asili ya milima ileile.

"Shikamoo, mama. Umeuonaje?"

"Marahaba. Kuku wa mama yangu wako wapi?"

"Kuku?"

"Nyuma ya sauti ya Kajiru walisikika kuku."

"Ah! Zile zilikuwa kelele. Mfumaji imezisafisha."

"Na ubembelezi ule, nani aliyemfundisha mgawa maji?"

"Hakufundishwa na mtu. Mashine ilisikiliza pumzi ya marehemu na lafudhi yake, ikatunga yaliyobaki."

"Kajiru hakumbembeleza mtu maisha yake yote, hata mchumba wake."

"Ndiyo maana akachelewa kuoa!" Sifaeli akacheka. Alipoona amecheka peke yake, akakohoa. "Mama, mchezaji wa leo hakubali kukatazwa. Akikatazwa, huondoka. Ule wenu unachezwa na wazee wachache, nao wanapungua. Huu utachezwa mpaka ng'ambo ya bahari. Watoto wasioijua Same watalitamka neno ndiva. Hilo si jambo dogo."

Halikuwa dogo, na Naetwa alilijua hilo.

"Watalitamka," akasema, "na maana yake itakuwa kwamba ukimwibia jirani, anakupigia goti. Mimi na Kajiru tulijenga bwawa. Ninyi mmelijaza matapishi, mkayatia manukato."

"Ni mchezo tu, mama!"

"Mtoto hujifunza wizi kwa mchezo kabla hajaujua kwa mkono."

Sifaeli akatikisa kichwa. "Ndio sisi Wapare hao! Kesi ya kuku, mtu anauza ng'ombe ili ashinde. Ukikataa, sisi tutabadili jina na kuifuta sauti, basi. Wewe ndiwe utakayepotea. Nani atajua kwamba uliwahi kuishi?"

"Afadhali nisijulikane kuliko kujulikana kwa hili."

Akausogelea ubao-nuru wa Hifadhi ya Michezo uliokuwa ukutani. Juu yake uliwaka ukurasa wa kwanza wa *Ndiva* ya asili, wenye majina mawili: Kajiru Mchomvu na, chini yake, Naetwa Mchomvu.

"Shahidi," ikauliza sauti ya Hifadhi, "je, mchezo huu ni ule?"

"Siyo ule."

"Unaikubali adhabu?"

"Naikubali."

"Mama, subiri kwanza tuzungumze," alisema Sifaeli, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtoto wa watu.

Naetwa hakugeuka. Alikibonyeza kidole gumba juu ya jina lake mwenyewe, akakishikilia hapo. Herufi zikaanza kufifia kuanzia ya mwisho. Ndani ya chumba-hisi, kufuatana na kanuni, mgawa maji alinyamaza katikati ya neno.

Ilipotoweka herufi ya kwanza, Naetwa aliondoa mkono wake ubaoni. Pale palipokuwa na majina mawili pakabaki moja.