Bonde Wanakofukuziwa Dubu

Dubu alisimama ghafla kana kwamba amejigonga ukutani. Alikuwa jike wa kahawia, mnene kama ng'ombe wa maziwa, na mbele yake hapakuwa na ukuta wowote ila nyasi zenye umande na mwanamke mmoja aliyebeba shanta. Alitikisa kichwa, akanguruma, kisha akageuka na kuteremka bondeni kwa kinyongo cha mnyama aliyenyimwa njia yake.

Tupokigwe Mwalwisi alikitazama kidude kilichofungwa mkononi mwake, kidogo kama kiberiti, akatabasamu. Kiliitwa kikingio. Kilitoa mlio ambao sikio la binadamu halikuusikia na sikio la dubu halikuuvumilia, na mlio huo ulichora duara kubwa kumzunguka aliyekivaa. Alikokwenda mtu, duara lilikwenda naye. Tupokigwe mwenyewe ndiye aliyekibuni, kwenye maabara ya shirika la Njia ya Mawingu mjini Mbeya, na siku hiyo alikuwa amekuja peke yake kujaribu toleo jipya.

Dubu hawakuwa wenyeji wa milima ya Makete. Waliletwa kwa majahazi ya anga baada ya misitu ya kaskazini ya dunia kuteketea, mataifa yalipogawana wanyama waliosalia kama ndugu wanavyogawana watoto wa marehemu. Tanzania ilipewa dubu kwa kuwa ilikuwa na milima ya baridi. Nao walizoea upesi. Waliipenda mizinga ya asali, wakaupenda zaidi ulanzi, ile pombe ya mianzi, wakawa wanaunywa ungali unachuruzika kwenye mianzi. Watu wa mijini waliposikia habari hizo walitaka kupanda kuwaona, na kikingio kikawawezesha kupanda kwa maelfu bila hata mmoja kukwaruzwa.

Kwenye kijito cha pili Tupokigwe aliteleza. Mkono ulitangulia, kikingio kikapiga mwamba, na taa yake ya kijani ikazimika. Alikibonyeza, akakikausha kwa upindo wa sweta, akakibonyeza tena. Wapi.

Alipoinua kichwa, dume kubwa lilikuwa limesimama juu ya njia, kule alikotoka. Maagizo ya wasafiri aliyajua, maana aliyaandika yeye: usikimbie, usipige kelele za hofu, usimkazie macho, rudi nyuma polepole ukiongea kwa sauti tulivu. Alirudi nyuma. Dume likasogea. Akarudi tena, akiongea maneno ambayo baadaye hakuyakumbuka, na kila aliporudi alikuwa akishuka, mpaka njia ikapotelea kwenye ukungu juu yake, naye akajikuta ndani ya bonde ambalo kwenye ramani za shirika liliandikwa Bonde Tupu.

Hapo ndipo aliponusa moshi wa kuni. Kisha akaiona nyumba ya mawe yenye madirisha yaliyozibwa kwa nondo na mianzi. Mlango ulifunguka kiasi cha mtu kupita ubavu, na sauti ya mwanamke ikamwambia aingie bila kukimbia.

Mwenye nyumba aliitwa Edina Tweve. Alipiga makomeo matatu, akamsogezea mgeni kigoda karibu na moto, na kumweleza hali ilivyo kwa ufupi wa mtu aliyekwisha kulia. Chumba cha ndani alilala mama mkwe wake, ambaye miguu yake ilikuwa imepooza. Mumewe, Obadia, alikuwa chini shambani, ndani ya banda la viazi. Alfajiri alikuwa ameraruliwa paja na dubu, akawahi kujifungia humo, na mpaka sasa dubu walikuwa wamejaa kati ya banda na nyumba. Kila baada ya muda Edina aliita kupitia dirishani, na Obadia aliitika. Sauti yake ilikuwa inazidi kupungua.

Tupokigwe aliuliza kwa nini dubu walikuwa wengi hivyo mahali pamoja.

Edina alimshangaa. Alisema jambo hilo kila mtu wa bondeni alilijua. Watembeaji wakipita kule juu na vidude vyao, dubu hushuka. Jumamosi watembeaji huwa wengi, basi Jumamosi watu wa bondeni hawatoki kabisa. Walikwisha kupeleka malalamiko, wakajibiwa kwamba katika bonde hilo hakuna watu, kwa sababu wote walikwisha kuhamishwa. Waliohamishwa ni wa bonde jingine.

Tupokigwe alitazama moto. Alikuwa amepima ukali wa mlio, uzito wa betri, na upana wa duara. Kwamba mnyama aliyefukuzwa hapa lazima afike mahali pengine, hilo nalo alilijua. Alikuwa ametafuta kwenye ramani mahali pasipo na mtu, akapapata: Bonde Tupu.

"Kile kidude nilikitengeneza mimi," alisema.

Edina hakugeuka. Alisukuma kuni ndani zaidi, akapangusa mikono kwenye kitenge.

"Basi utakuwa unajua kinavyozimwa, dada."

Kwenye kola yake Tupokigwe alikuwa na kisemeo, redio ndogo ya shirika. Alimpata Festo Kilembe, mkuu wa waokoaji, mtu mwema aliyekuwa akimtafuta tangu kikingio kilipozimika. Festo alimwambia atulie, kwani alikuwa ukingoni na watu sita, kila mmoja na kikingio chake. Ukungu haukuruhusu chombo cha anga kutua bondeni, lakini wangeteremka kwa miguu, na hangebaki dubu hata mmoja karibu na nyumba hiyo.

Tupokigwe alichungulia kati ya mianzi. Bonde lilikuwa kama mfuko: mdomo wake ulikuwa kule ukingoni, na chini kabisa, palipokuwa na magenge pande tatu, lilisimama banda la viazi na mlango wake wa mabanzi. Waokoaji wakishuka, dubu wote wangesukumwa huko.

"Festo, msishuke," alisema. "Mkishuka na vikingio mtamuua mtu. Vizimeni ndipo mje."

Festo alijibu kwa upole kwamba hawezi kumwamuru mtu wake yeyote azime. Alichoweza ni kuwarudisha nyuma kidogo ya ukingo na kungoja.

Basi walitoka wao wawili. Edina alimpa debe na mti wa kupigia, akashika toroli la viazi, na kumfundisha wakiwa bado mlangoni. Waongee muda wote, maana dubu huchukia kushtukizwa. Wasipite kati ya mama na mtoto. Mmoja akisimama kwa miguu miwili, anatazama tu, bado hajakasirika.

Mteremko ule ulikuwa mrefu kuliko safari yoyote aliyowahi kusafiri Tupokigwe. Edina aliimba wimbo wa kanisani, na Tupokigwe akagonga debe. Dubu waliinua vichwa mmoja mmoja kutoka kwenye matuta. Hakuna duara lililowasukuma. Walinusa, wakatafakari, wakasogea pembeni, wakaendelea kufukua viazi. Jike moja liliwafuata kwa karibu hivi kwamba Tupokigwe alisikia pumzi zake, kisha likachoka nao.

Obadia alikuwa hai, uso umepauka kama majivu. Walimfunga paja kwa kitenge, wakampakia, wakalisukuma toroli kupanda mlima kwa zamu, mmoja akiimba na mwingine akigonga, hadi kwenye jiwe jeupe la mpaka wa njia. Waokoaji walimpokea. Chombo cha anga kilikuwa kinangoja juu ya ukungu. Edina alitaka kwenda naye, lakini Obadia alimshika kidole.

"Rudi kwa mama," alisema.

Edina alilitazama toroli, akalitazama bonde, akaanza kushuka.

Festo alimpa Tupokigwe kikingio kipya. Alisema njia ilifungwa tangu chake kilipozimika, kwani sheria hairuhusu watembeaji kupita maadamu kuna mtu bila kikingio upande wa bonde. Akishavuka tu jiwe, wangefungua. Watu walikuwa wamejaa langoni wakingoja.

"Na Edina? Na mama mkwe wake?"

"Sheria inasema mtu aliyeandikishwa, Injinia," Festo alisema, akikwepa macho yake. "Hao hawamo."

Tupokigwe hakuvuka jiwe. Alikirudisha kikingio mkononi mwa Festo, akamkunjia vidole juu yake. Alimwambia awaarifu wakubwa wa shirika kwamba injinia wao bado yuko bondeni, na kwamba wenye kutaka kuzungumza naye watamkuta huko. Festo alimuuliza atakaa kwa muda gani. Tupokigwe aligeuka na hofu yake, akaanza kushuka.

Edina alisikia hatua, akasimamisha toroli.

"Umesahau kitu?"

"Hapana. Nikiwa huku, hawafungui njia."

Edina akamrudishia debe na mti wake.

"Basi ongea, dada," alisema. "Wasije wakadhani tuko kimya kwa kuogopa."