Kilichokuwa Kwenye Chupa Yangu

Kila Jumamosi asubuhi nilifagia saluni ya Shangazi Awoi hapa kambini Kakuma, nikajaza madumu mawili kabla foleni ya mferejini haijawa ndefu, kisha nikapanga viti. Kazi niliyoipenda zaidi ni kutazama mabibi harusi wakipambwa. Kwa joto letu hili, vipodozi vya kawaida hutiririka hata kabla bibi harusi hajafika ukumbini, kwa hiyo shangazi hutumia maskara isiyotoka kwa maji. Dawa ya kuitoa huichanganya mwenyewe: mafuta ya kupikia na maji yaliyochemshwa yakapoa, akatikisa chupa. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mara nyingi mno. Basi nami nikajiona fundi.

Jumamosi moja shangazi alikwenda Lodwar kununua bidhaa. "Ajok, kabati la vipodozi usiliguse," aliniambia.

"Sawa, shangazi."

Sawa gani? Vumbi la gari lake halijatulia, kabati lilikuwa wazi. Rafiki yangu Fowsiya, tunayesoma naye gredi ya sita, alikuwa amekuja kunitembelea. Nikampaka maskara, nikarudia mara ya pili, tukacheka mbele ya kioo mpaka mbavu zikatuuma.

Kicheko kiliisha saa tisa unusu. Saa kumi Fowsiya alitakiwa duksi, yaani chuo cha Kurani, na mama yake humpeleka mwenyewe hadi mlangoni. Tukasugua kwa maji, haikutoka. Tukasugua kwa sabuni, ikasambaa, akawa kama mtu aliyepigwa ngumi. "Mama akiniona hivi nimekwisha," alisema huku akijifunika uso.

Nikaitafuta chupa ya shangazi. Ilikuwa tupu. Mafuta yaliyobaki jikoni hayakujaza hata kijiko. Nikayamimina kwenye chupa hiyo na kuongeza maji, lakini niliona hayatatosha. Ndipo nikakumbuka dawa ya kutoa rangi ya kucha. Kama inang'oa rangi iliyokauka kwenye ukucha, nikawaza, itashindwaje na maskara? Nikatia vifuniko viwili, nikatikisa, nikalowesha pamba, nikamwambia afumbe macho.

Kidogo tu akaruka kutoka kitini, ameshika jicho la kushoto. "Linawaka, Ajok. Linawaka, na sioni."

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nilimmwagia maji ya dumu usoni kwa pupa hata nusu yakaishia sakafuni. Jicho lilikuwa jekundu, limevimba, halifunguki. Nikamshika mkono tukakimbia hadi kliniki, na njia nzima nilikuwa nikisema moyoni, Mungu wangu, asipofuke.

"Ejok," Daktari Lokuruka alitusalimu kwa Kiturkana, kama anavyomsalimu kila mtu. Kisha akaliona lile jicho. "Mmetia nini humu?"

Nikaona akilini uso wa shangazi, nikaona na kabati lililo wazi. "Mafuta, daktari. Mafuta ya kupikia."

"Peke yake?"

Kabla sijajibu, Fowsiya akasema, "Mafuta tu." Naye alikuwa ameniona nikimimina ile dawa, na harufu yake aliisikia. Alikuwa ananificha, jicho lake likiungua.

Daktari akachukua pamba. "Kama ni mafuta si neno. Nitapangusa, nitampa dawa ya matone, mtarudi nyumbani."

Ningefurahi, sivyo? Badala yake nilimgeukia rafiki yangu. Fowsiya alikuwa anauma mdomo asilie, na mimi nilijua ile dawa ya kucha bado imo jichoni mwake.

"Nimedanganya," nikasema. "Nilitia dawa ya kutoa rangi ya kucha. Vifuniko viwili. Yeye hana kosa."

Daktari hakunigombeza, hakuwa na nafasi. Alimlaza Fowsiya upesi, akatundika mfuko wa maji ya chumvi, akaliosha jicho kwa nusu saa nzima huku mimi nimemshikilia kichwa. Halafu akatia tone la rangi ya kuonyesha michubuko, akamulika kwa tochi, akalichungulia kila upande.

"Jicho limechubuka juu juu," alisema hatimaye. "Litapona. Hivi ni vidole vingapi?"

"Vitatu," Fowsiya akajibu.

Hapo ndipo nilipolia, wala sikuona haya. Daktari akamfunga bandeji na kumwambia arudi kesho na mzazi. Fowsiya aliondoka akiniambia kwamba nyumbani atasema ni vumbi.

Jioni shangazi aliporudi nilimweleza yote kabla hajatua mizigo. Alinigombeza kuhusu kabati, tena sana. Lakini kilichonichoma ni maneno yaliyofuata.

"Ulipochanganya, Ajok, hukujua. Hilo nitakufundisha. Dawa ya kucha haikaribii macho kamwe, na dawa mpya haijaribiwi usoni mwa mtu. Lakini daktari alipokuuliza, ulikuwa unajua. Pale ulitaka mwenzako apoteze jicho ili wewe usigombezwe. Ulijirudi, na nashukuru. Siku nyingine usingoje mwenzako aungue ndipo useme kweli."

Akajifunga kitambaa kichwani. "Haya, twende kwa Mama Fowsiya. Mimi nitasimama tu, utasema wewe."

Nilikwenda nikiogopa kila hatua. Nilibisha hodi mwenyewe, na mlango ulipofunguka nilianza kusema kabla sijaulizwa.