Pipa la Mwisho

Jambo la kwanza mkunga aliloliona ni kwamba hapakuwa na nzi. Zabibu zilizopondwa zilijaa kwenye mabeseni uani, zinanukia utamu mpaka koo linawasha, lakini hata nzi mmoja hakutua.

"Si nilikwambia?" mumewe, dereva wa malori, alijisifu. "Kule kwenye bonde lao maarufu la mvinyo watu wanakanyagana. Huku tumepata raha peke yetu."

Ilikuwa likizo yao ya kwanza tangu waoane. Mjane mwenye shamba, mwanamke mwembamba asiyepandisha sauti, aliwateremsha kwenye ghala la chini ya nyumba. Baridi iliwapokea, na harufu ya udongo uliofukuliwa. Mapipa yalipangwa ukutani. La mwisho, kubwa kuliko yote, lilikuwa linapumua.

"Ni mvinyo unachacha," mjane alisema haraka. "Msilisogelee."

Kumwambia dereva asisogee ni sawa na kumsukuma. Alikwenda akaweka sikio kwenye mbao, huku akicheka. Kicheko kikakatika.

"Labeka, mama!"

Mkunga alihisi nywele zikimsimama. Mama mkwe wake walishamzika.

"Umemwitikia?" mjane alinong'ona. "Jamani, umemwitikia! Jini huyo huita kwa sauti ya marehemu wako, na ukiitika umemfungulia mlango. Mume wangu naye aliitika."

"Yuko wapi sasa?"

Mjane alilitazama pipa.

Dereva alikuwa amelikumbatia, shavu limenata kwenye mbao, anaitika na kuitika, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, mpaka sauti ya mwanamume mzima ikawa ya mtoto anayelilia kubebwa, na mkunga alipomshika kiuno ili amvute alihisi mikono mingine, ya baridi na yenye nguvu, ikimvuta kutoka upande wa pili, kana kwamba ule ubao ulikuwa ngozi tu.

Akanyakua nyundo iliyokuwa sakafuni. Mjane akamrukia.

"Usilitoboe! Humo ndimo ninamomsikia!"

Mkunga alimsukuma, akapiga. Kizibo kiliruka, mvinyo mweusi ukabubujika ukinuka kama chumba cha uzazi ambamo jambo limeharibika, na humo ndani kitu kikalia kwa sauti za wazee, za wanawake na za watoto, zote kwa mpigo, kikalia mpaka tone la mwisho.

Dereva alianguka chali, akikohoa, akimwita mkewe. Mjane alikuwa amepiga magoti kwenye dimbwi, anachota kwa viganja.

"Baba watoto, niite. Mara moja tu, niite."

Waliondoka bila kuaga.

Dereva alirudi kazini, akawa anakula, anatania. Mkunga naye akaanza kupata usingizi. Adhuhuri moja alikuwa peke yake jikoni, anakata vitunguu, majirani wanacheka nje ya dirisha. Nyuma yake, karibu na mlango, sauti ndogo ikasema:

"Mama."

Miaka yote alipokea watoto wa watu. Wa kwake, mmoja tu, alizaliwa kimya, hakulia hata mara moja. Alijua ni nani anayeita. Alijua vizuri kabisa. Aliuma vidole mpaka vikatoka damu.

"Mama," ikaita tena, ikikaribia kulia.

Mkunga akaweka kisu chini.

"Abee, mwanangu."